Mama Brayan Mrundi

Ghalani kulikuwa na akina Mama Brayan wawili, na balaa lote lilianzia hapo. Mmoja alikuwa Noela, mtu wa Mbulu. Wa pili alikuwa Kandida, mtu wa Ngara. Walianza kuchambua mbaazi msimu mmoja, mjini Babati, kwenye ghala la njia ya kwenda Bonga, na watoto wao walisoma darasa moja. Siku msimamizi Theodory alipolalamika kwamba daftari la mahudhurio linamchanganya, Noela alicheka akamwambia, "Si umwandike huyu Mama Brayan Mrundi? Kutoka kwao mpaka Burundi ni kuruka mfereji tu."

Wote walicheka, na Kandida aliwashinda kwa kicheko. Bila utani nani angelimeza lile vumbi kutwa nzima? Noela mwenyewe aliitwa Kitunguu Saumu na hakununa. Kwa miaka sita Kandida alitia sahihi kila asubuhi mbele ya jina lile, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na masista.

Mwaka huu bei ya mbaazi ilipanda, malori yakapanga foleni getini, lakini ujira wa kuchambua gunia ulibaki elfu mbili ileile. Wanawake walinung'unika wiki nzima, kisha wakamsukuma Kandida mbele kwa kuwa ndiye mwenye mdomo. Noela alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Nenda, tuko nyuma yako." Kandida akaingia ofisini, akamwambia Theodory kwamba wanataka elfu tatu, la sivyo Jumatatu hakuna atakayechambua hata punje.

Bahati mbaya ulikuwa wakati wa kampeni. Gari la matangazo lilizunguka kutoka stendi mpaka Mutuka, mgombea mmoja akiahidi kwamba kazi za wenyeji zitarudi kwa wenyeji. Wenyeji gani, hakusema. Nusu ya mji huu wamekuja na mabegi yao juzi tu, na Noela mwenyewe aliingia Babati juu ya lori la vitunguu saumu. Lakini maneno yale yalikuwa matamu, yakashika. Waliozoea kumwita Kandida Mrundi huku wakicheka wakaanza kumwita hivyo bila kucheka.

Jumatatu Theodory alikuja na maofisa wawili wa uhamiaji. Alikuwa amewapigia simu kwamba ghalani kuna mgeni asiye na kibali cha kuishi nchini, anayewachochea wenyeji wagome. Kitambulisho cha taifa Kandida hakuwa nacho. Ombi lake lilikuwa bado linahakikiwa, kama la wengi waliozaliwa karibu na mpaka. Ofisa mkubwa, mtu mpole tu, alifungua daftari akaweka kidole.

"Hili ni jina lako?"

"Ni utani, afande."

"Na sahihi hii?"

"Ni yangu."

"Miaka sita unasaini utani?"

Kandida aligeuka nyuma. "Muulizeni Mama Brayan mwenzangu. Yeye anapajua kwetu."

Na kweli Noela alipajua. Mama yake Kandida alipofariki, mwaka juzi, walipanda basi pamoja, wakalala Kahama, kesho yake wakafika Ngara. Noela alilala kwenye kitanda cha marehemu. Alitupa udongo kaburini pamoja na wafiwa, akarudi Babati na mkungu wa ndizi aliowagawia majirani kwa maringo. Mji mzima hakuwapo shahidi wa kumzidi.

Noela aliinamisha macho kwenye ungo wake.

"Sisi tumemzoea kwa jina hilohilo," alisema. "Kwao mimi sipajui."

Wanawake arobaini nao waliinamia nyungo zao. Kandida hakuwaogopa tena maofisa. Kilichomchoma ni ile sauti ya Noela, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba chumvi. Angelia au angetetemeka, labda ingeuma kidogo.

Alizuiliwa siku nne, mpaka kaka yake Adrian alipotuma cheti cha ubatizo na barua ya serikali ya kijiji. Walimwachia, na hata samahani walisema. Lakini nafasi yake ghalani ilikwisha kupewa mtu mwingine. Ujira ulikuwa umepanda, elfu tatu kamili kama alivyodai, na Noela alikuwa amefanywa mnyapara wa wanawake.

Alimkuta Noela nje ya ghala, amekumbatia hotpoti ya wali.

"Pole, Mama Brayan. Mwanao alilala kwangu siku zote na alikula vizuri," Noela alisema. Akaendelea haraka haraka. "Usininunie. Mimi nilijua watakuachia tu. Ningesimama na wewe, Theodory angenifukuza na mimi, halafu niende wapi? Shamba la Mbulu kaka zangu wamegawana lote. Wewe una kwenu, Mama Brayan. Nimefika, nimeona kwa macho yangu. Nyumba ya baba yako ipo, kaburi la mama lipo, migomba mpaka mtoni. Wewe ni mtu wa pale, hakuna wa kukutoa."

Kandida alimsikiliza mpaka akamaliza. Wali hakuupokea.

"Hayo ndiyo maneno waliyokuuliza Jumatatu," alisema.