Maini Bila Wali

Kwa wiki tatu fundi viatu alikula mboga za mkewe kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Daktari alikuwa amemwambia apunguze wanga: sukari ilikuwa imepanda na kidonda cha kidole cha mguu kiligoma kupona. Asubuhi hiyo akatangaza, "Mchana huu nisiposhiba, narudi kwenye wali. Potelea mbali."

Mkewe, mshonaji, aliishiwa mbinu. Akameza kiburi, akampigia simu wifi yake, dada wa fundi, mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, aje amsaidie kupika. Ulimi mkali wa mwanamke yule haukujua Jumapili ya kupumzika.

"Umeniita mwenyewe?" wifi alisema mlangoni, mfuko wa maini ya kuku mkononi. "Leo paka kaomba maji ya kuoga!"

"Ingia, wifi. Maneno yako yanakata maini kuliko kisu."

"Ndiyo maana nimekuja na ya akiba."

Mshonaji akapewa kazi ya kuondoa nyongo, vile vifuko vya kijani vilivyong'ang'ania maini. Wifi akatoa kisu chake mkobani, akachukua kabichi. Kisu kilipita bila kelele, na kabichi likaanguka vipande vyembamba kama nyuzi, vyote sawasawa. Mshonaji, aliyeishi kwa nyuzi, alisahau mikono yake akimtazama.

Hapo kifuko kikapasuka. Ukijani ukatiririka juu ya maini.

Akainua macho. Wifi alikuwa ameshaona.

Mshonaji akasubiri kipigo cha maneno. Kosa kama lile kwa wifi yule lilikuwa karamu. Lingesimuliwa harusini na matangani. Lakini wifi alisogea tu, akanusa, akachambua yaliyoguswa moja moja, akayatupa. Karibu nusu. Yaliyobaki akayaosha, akayakausha kwa kitambaa.

"Mayai yapo?" aliuliza.

"Yapo manne."

"Yanatosha."

Kikaango kilipopata moto akaweka maini machache machache, yasibanane. "Sikiliza," alisema. "Yakilia kwa nguvu, maji bado yanatoka. Sauti ikishuka, geuza. Ukisubiri yanyamaze kabisa, mpe mumeo akashonee soli." Akakata moja katikati: limeiva, na bado laini. Akaongeza kitunguu, tangawizi na pilipili hoho, akakamulia ndimu, akapakua. Kabichi likaingia kwenye kikaango kile kile, likafyonza utamu wote uliobaki, kisha mayai yakavurugiwa humo mpaka sahani ikawa na kilima.

Fundi akaja, akachungulia. "Dada, mbona maini yenyewe ya kuhesabu? Au kuku huyu naye daktari kamkataza kula?"

Mshonaji akamtazama wifi.

"Nimepima mimi," wifi alijibu. "Kula kwanza, kulalamika kuna nafasi yake."

Akala. Mwanzoni vidole vyake vilipapasa kando ya sahani, vikitafuta wali usiokuwapo. Baadaye vikaacha kutafuta. Akakwangua kabichi la mwisho, akalegeza mkanda tundu moja, akatazama sahani tupu kama mtu aliyeshindwa kesi.

"Haya," alisema. "Wali nimeusamehe." Akarudi barazani kwenye viatu vyake.

Mshonaji akamgeukia wifi. "Mbona hukunisema?"

"Nikuseme nini? Wiki tatu unampikia mbishi huyu, na hujawahi kunipigia simu kumlalamikia. Mimi ningemhama siku ya pili, na ni ndugu yangu wa damu!"

Mshonaji alicheka mpaka akaishika meza. Alikuwa amemwogopa mwanamke huyu miaka sita; sasa aliona hasara ya miaka hiyo yote.

"Kesho unatoka kantini saa ngapi?"

"Saa tisa. Kwani?"

"Nitakuja nikusubiri getini. Jioni unanifundisha samaki."

"Njoo na kisu chako," wifi alisema, akifunga mkoba. "Changu hakiguswi na mgeni."