Ungeniambia Mlangoni

Kwa miaka kumi na mmoja muuguzi yule alimwekea daktari bingwa vyombo mkononi kabla hajaombwa. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Akinyoosha kiganja tu, mwenzake alishajua kama anataka mkasi, koleo au uzi. Watu wa chumba cha upasuaji walitania kwamba wale wawili wanaongea kwa nyusi, maana barakoa zimewaziba midomo.

Daktari alimzidi umri kwa karibu miaka ishirini, lakini alimwita "dada". Mama mkwe wa muuguzi alipougua, daktari alikuja nyumbani kwake siku yake ya mapumziko, akakaa jikoni na kumsikiliza bibi yule akiyalalamikia magoti yake kwa saa nzima bila kuitupia jicho saa.

Kisha ikaja Jumanne moja. Mezani alilala mshonaji wa mapazia, mama wa makamo, na nje ya mlango alisubiri majeruhi wa ajali aliyekuwa akivuja damu. Kabla tumbo halijafungwa, muuguzi alihesabu vitambaa vya kufyonzea damu, akapata kumi na kimoja. Vilitakiwa kuwa kumi na viwili.

"Bado kimoja, Daktari."

Daktari alisema amehesabu vibaya, kitakuwa kwenye ndoo, na yule wa nje hana dakika za kungoja. Akafunga. Baadaye muuguzi alipekua ndoo, hakukiona, akajiambia labda kimezolewa na takataka. Akatia sahihi kwenye fomu kwamba hesabu imetimia.

Wiki ya nne mshonaji alirudishwa hospitali akiwa na homa kali na tumbo limekaza kama ngoma. Alifunguliwa tena, kitambaa kikatolewa. Alipona, lakini nusunusu: hakuweza tena kukaa kwenye cherehani zaidi ya robo saa.

Iliundwa kamati ya uchunguzi. Asubuhi ya kuhojiwa, daktari na muuguzi walikutana mlangoni mwa ukumbi. Macho ya daktari yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Tutasema tulichoandika, dada." Naye akaitikia kwa kichwa.

Muuguzi hakuwa amepanga kumgeuka. Ila alipoingia alimkuta mshonaji ameketi kando ya mdogo wake, amebana mto mdogo tumboni, na mwenyekiti alipouliza kama hesabu ilitimia, mdomo wake ulisema hapana. Akaeleza yote, mpaka sahihi yake mwenyewe. Daktari alikuwa viti viwili kutoka pale. Hakukana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Muuguzi alipewa barua ya onyo na kupelekwa chumba cha kusafishia vyombo. Daktari alizuiwa kupasua kwa miezi sita. Aliporudi alikuwa bado mkuu wa idara, lakini ule udada haukurudi. Sasa alimwita "muuguzi". Salamu zake aliziitikia, tena kwa adabu, na hilo ndilo lililomchoma muuguzi zaidi. Angemfokea, angejua pa kuanzia.

Mumewe, fundi baiskeli, alimwambia kwamba mtu mzima hatafutwi kwa salamu za koridoni. Aende akae mbele yake amwombe radhi.

"Radhi ya nini? Nilichosema ni kweli."

"Basi kamwombe radhi ya kile ambacho hakikuwa kweli," alisema mumewe, akaendelea kuziba pancha.

Ilimchukua siku kadhaa kukijua. Alhamisi alibisha hodi ofisini kwa daktari, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Sikuja kuomba radhi kwa niliyosema mle ukumbini," alianza. "Nimekuja kwa ajili ya pale mlangoni. Nilikuitikia, kisha nikaingia nikasema mengine. Uliingia mle ukiwa umeniamini."

Daktari alifunga na kufungua kifuniko cha kalamu.

"Siku ile niliogopa," alisema hatimaye. "Ungeniambia palepale kwamba huwezi, huenda ningeingia nikasema mwenyewe. Sasa kila mtu anajua nilikamatwa, na mimi sitajua kamwe kama ningesema."

"Nisamehe, Daktari."

"Nilishakusamehe. Wala huna kosa kubwa. Lakini nikikuona wewe, namwona yule mtu niliyekuwa mimi pale mlangoni, na simpendi. Nifanyeje?"

Muuguzi alishukuru, akatoka, akashuka ngazi.

Mwezi uliofuata muuguzi wa zamu aliumwa ghafla, na matroni akampandisha yeye chumba cha upasuaji. Akivaa barakoa, alijipa moyo kwamba mikono yao itakumbuka kile ambacho midomo imeshindwa. Walifanya kazi saa mbili na nusu. Daktari alitaja kila chombo kwa jina lake, polepole na wazi, kama mtu anayefanya kazi na mgeni. "Mkasi. Koleo. Uzi." Muuguzi alikuwa ameshavishika kabla hajataja, lakini alisubiri atajiwe ndipo ampe. Kabla ya kufunga, daktari alisimama akangoja hesabu, akaomba irudiwe. Ilikuwa imetimia.

"Asante, muuguzi," alisema.

Baada ya hapo muuguzi alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akidhani daktari angekuja kunawa sinki la jirani na kusema neno. Daktari alikwenda kunawa mwisho wa korido.

Jumatatu muuguzi aliandika barua ya kuomba uhamisho kwenda kliniki ya watoto, upande wa pili wa mji. Barua za watumishi zilizoea kulala mezani kwa mkuu wa idara wiki mbili, hata tatu, mpaka watu walisema zimekwenda kuatamia mayai. Ya kwake ilirudi kabla ya chakula cha mchana, imesainiwa, na chini yake maelezo ya mkono: mtumishi mwaminifu, mwenye bidii, atawafaa sana. Neno baya halikuwemo hata moja. Aliisoma mara tatu kwenye benchi la nje, kisha akaenda kuulizia ni basi gani linalokwenda upande ule.