Jina la Seth Likasimama

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la aina ambayo hata wewe ungelifanya na kujipongeza. Aoko alilifanya saa nne asubuhi, ofisini kwa Bethwel, ghorofani pale Kericho mjini, chai yake ikiwa bado ya moto.

Bethwel ni mpima ardhi, na Aoko ni mchoraji wake, mwaka wa sita sasa. Kazi iliyokuwa kwenye kompyuta ilikuwa ramani ya makaburi ya wafanyakazi katika shamba moja la chai upande wa Kimulot. Kampuni ilitaka kuchimba bwawa pale, kwa hiyo wafu walipaswa kuhama. Wenye jamaa wangechukuliwa na watu wao. Wasio na wa kuwaulizia wangetangulia kuhamishwa wote pamoja, kwenye handaki moja huko juu karibu na msitu. Misalaba ya mbao ilikuwa imeoza zamani. Kilichobaki ni daftari la karani, na ramani ya Aoko.

Baba yake alikuwa humo. Seth, fundi wa mashine za kukaushia chai, alifariki Januari ya 2008, ile Januari ya ghasia za uchaguzi, ambayo barabara ya Kisumu haikupitika. Mjaluo mzima akazikwa ugenini kama mtu asiye na kwao. Ayoo, mkewe, aliapa palepale kaburini kwamba atamrudisha kwao Nyakach, alazwe mkono wa kulia wa nyumba yake. Tangu hapo mama huyu hakutaka kingine duniani. Akishikwa hata na mafua, anamwambia binti yake, "Mimi siwezi kulala pale peke yangu." Barua ya kampuni ilipofika alisomewa mara tatu, kisha akaenda kufua shuka.

Sasa sikiliza lilivyotokea. Pale shambani watu walizikwa wawili wawili, kila pea na namba yake. Aoko akachora pea moja tu, akaifanya bloku: mistatili miwili ndani ya fremu moja, jina moja kushoto, jingine kulia. Bloku humpunguzia mtu kazi. Unaichora mara moja, unainakili utakavyo, na ukiishika pembeni unaizungusha ifuate mlalo wa ardhi. Ila safu ya chini, pea tatu zilizokuwa karibu na mto, ilielekea upande wa pili. Alipozizungusha, majina nayo yakazunguka, yakakaa kichwa chini miguu juu.

Bethwel akasema ramani haiwezi kwenda kwa meneja hivyo. Majina yote yasimame, na iwe tayari kabla ya saa sita.

Njia sahihi Aoko aliijua vizuri. Unaifungua bloku, unayatenga maandishi na mistatili, kila jina unalizungusha peke yake, ligeuke wima papo hapo juu ya kaburi lake. Ni kazi ya saa nzima, na angeifanya. Lakini macho yake yakaanguka kwenye pea namba kumi na saba: Seth, na ubavuni mwake Onyiego, Mkisii mchuma chai aliyezikwa wiki ileile. Jina la baba yake limepinduliwa. Jamani, lilimuuma. Akaishika bloku nzima, akaipa nusu mzunguko, na jina la baba likasimama.

Fremu haikusogea hata unywele, maana mstatili ukiugeuza nusu unabaki vilevile. Aoko akatabasamu, akageuza na zile pea mbili nyingine, ambazo kwa bahati hazikuwa na jamaa yeyote wa kuziulizia. Hakuona kwamba kwa nusu mzunguko wa kushoto huenda kulia, na wa kulia huja kushoto. Bethwel naye aliangalia, akasema sasa hiyo ni ramani.

Onyiego hakuwa na mtu. Ijumaa vibarua walifuata karatasi, wakamtoa aliyeandikwa Onyiego, wakampeleka kwenye handaki pamoja na wenzake arobaini, wakafukia.

Jumatatu Ayoo akaja na jeneza jipya na ile shuka, pamoja na shemeji yake Opondo, na Aoko ameshika ramani. Vijana wakachimba. Walipofika kwenye mifupa, Ayoo aliomba wampishe, akapiga magoti, akafuta udongo taratibu kwa kanga yake. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Huyu si Seth."

Opondo akamwambia shemeji, miaka ni mingi, kifo hubadilisha watu. Ayoo akamwonyesha taya. Seth alikuwa miongoni mwa Wajaluo wa mwisho mwisho kung'olewa meno sita ya chini, desturi ya enzi hizo. Huyu meno yake yote yalikuwepo, yamepangika vizuri.

Aoko aliangalia ramani, akaangalia shimo, akaigeuza ile karatasi mikononi mwake ili ifanane na alivyosimama. Majina yakapinduka. Na yalipopinduka tu, akaelewa.

"Mama, ni mimi," alisema. "Jina la Baba lilikuwa limepinduka. Nikaligeuza lisimame. Nikamhamisha."

Ilibidi aeleze mara mbili. Msimamizi wa vibarua aliitwa, akavua kofia, akasema handakini mifupa imechanganyika, na wazee wa Kijaluo wasio na meno ya chini wamo wengi. Nani ataapa kwamba fuvu hili ni la huyu na mguu ule ni wa yule? Ayoo akauliza tu kama Onyiego anaweza kupewa kaburi lake mwenyewe huko juu, lenye jina. Akakubaliwa. Wakamlaza katika jeneza la Seth, lakini shuka Ayoo akabaki nayo.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Aoko hakuambiwa. Mama yake alikaa siku nne bila kumsemesha. Alipika, akampakulia, akamwachia chakula mezani. Aoko alilia akiwa kazini, alilia akioga, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko huzuni, jambo ambalo lilimuumiza zaidi.

Siku ya tano Ayoo akampigia Opondo simu, akamwambia atafute tunda la yago. Kwa Wajaluo, mtu akipotea moja kwa moja, huzikwa yago mahali pake: tunda refu, zito, unene wa mkono wa mwanaume. Opondo alilipata. Ayoo akalivalisha kofia ya Seth ya kazini upande wa kikonyo, akisema hicho ndicho kichwa, akalifunga kwa ile shuka mizunguko mingi mpaka pande zote mbili zikafanana.

Kaburi lilichimbwa Nyakach, mkono wa kulia wa nyumba. Watu walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa. Wakati wa kulaza ulipofika, Opondo akanyoosha mikono apokee, lakini Ayoo akamkatalia. Alitaka Aoko ndiye amlaze baba yake.

Aoko akashuka, akapokea ule mzigo kifuani, akainama.

"Kichwa kiko upande gani?" mama yake akamuuliza kutoka juu.

"Huu hapa, Mama."

"Una uhakika?"

Aoko akachuchumaa mle shimoni mbele ya watu wote, akaanza kufungua shuka, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akitafuta kofia. Ilikuwa upande wa pili.

Akaligeuza, akalifunga tena, akalilaza. Ayoo akampa mkono apande, na hakuuachia mkono huo mpaka udongo ulipojaa.