Mlezi wa Klabu ya Malangali

Klabu ya michezo ya Malangali ilipompata mlezi, watu walishusha pumzi. Kabla ya hapo iliishi kwa michango ya wazazi, ambayo wakati wa mavuno iliingia na wakati wa kupanda ilikauka, na watoto walicheza mpira pekupeku kwenye uwanja wenye mteremko ambako upepo wa Juni unakata masikio. Mlezi mwenyewe aliitwa Flavian. Alikuwa mnunuzi wa mahindi na maharage, mtu wa makamo, mpole, anayewashika mkono hata watoto anapowasalimia. Alinunua jezi na viatu. Alinunua mipira ya kina mama wa netiboli. Timu ikialikwa Laela au Namanyere, basi na chakula vilikuwa juu yake.

Coleta ndiye aliyekuwa mweka hazina. Alikuwa na duka la nyuzi, vifungo na zipu kule Chanji, na enzi zake aliuchezea mkoa netiboli. Nafasi ile hakuitafuta. Aliyemtangulia, Kornel, alihama mjini ghafla akaenda kulima ufuta Ilemba, huko bondeni, bila kuaga mkutano wala jirani. Mwenyekiti, Mwalimu Alphonce, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa amefundisha michezo nusu ya watu wa mtaa ule, alikuja dukani kumbembeleza.

"Kazi yenyewe nyepesi, mwanangu," alimwambia. "Unatia sahihi na mimi natia. Mzigo mzito anaubeba mlezi."

Coleta akakubali. Mwalimu hakuwa mtu wa kukataliwa.

Siku moja Flavian alimfuata dukani. Alinunua gurudumu la uzi mweusi, akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu asiye na haraka.

"Mama Adela, kuna michango imeingia kwenye akaunti ya klabu. Rafiki zangu hao, wapenda michezo. Ni ya kusawazisha uwanja. Itoeni yote mnipe taslimu, mimi nitamalizana na mwenye greda."

"Hao rafiki zako hatuwezi kuwaalika siku ya mechi tukawashukuru?"

"Hawapendi kushukuriwa," Flavian akasema, akatabasamu.

Zilikuwa fedha nyingi kuliko zote ambazo klabu ilipata kuziona. Mwalimu alitia sahihi bila kuvaa miwani, na Coleta naye akatia. Greda halikuja. Baadaye ikaingia michango mingine, mikubwa zaidi, ya kujenga vyoo na chumba cha kubadilishia nguo. Ikatoka vilevile, taslimu, mkononi mwa mlezi. Pale palipotengwa kwa vyoo pakaota majani.

Fedha zilipoingia mara nyingine tena, Coleta aliomba risiti za zile za nyuma kwanza.

"Risiti utazipata," Flavian alisema. Aliinua boksi la vifungo, akalitikisa taratibu, akalirudisha. "Adela anaendeleaje na shule? Nasikia siku hizi anakaa dawati la mbele, karibu na dirisha."

Coleta hakuwa amemwambia mtu habari ya dawati. Hata yeye mwenyewe hakuijua mpaka jioni alipomuuliza binti yake.

Kesho yake alifunga duka akashuka Ilemba. Juu mjini alikuwa ameondoka na sweta na kitenge mabegani, na kabla barabara haijamaliza kuteremka ukingo wa bonde alikuwa amevua vyote na jasho linamtoka. Alimkuta Kornel kwenye ua wa Msukuma mmoja mfugaji aliyeitwa Kashinje, wakitengeneza jembe la kukokotwa. Kornel alipomwona alisimama, akatazama nyuma yake barabarani, kisha akamtazama usoni.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, kaka."

Kashinje alielewa. Aliagiza mke wake, Minza, alete maziwa ya mgeni, akaondoka kwenda kuwatazama ng'ombe wake.

"Nilikataa mara moja tu," Kornel alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Hawakunitukana. Mlezi mwenyewe aliniambia hakuna shida. Wiki ileile walikuja vijana wawili nyumbani, mchana, mimi niko kazini. Walimkuta mke wangu anaanua nguo. Wakamsaidia. Kila nguo ya mtoto waliikunja vizuri, wakauliza hii ni ya nani, na hii, na anasoma wapi. Wakashukuru, wakaondoka. Basi. Sasa ukiniuliza walikosa nini, nitakujibu nini? Polisi ningewaambia walinikunjia nguo?"

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilimwambia Mwalimu. Akasema nina wivu na mlezi."

Coleta alikunywa maziwa bila kusikia ladha yake. Wakati wa kuagana Kornel hakumsindikiza hadi kituoni. Alisimama kwenye kona ya boma, mahali ambapo mtu wa barabarani asingemwona.

Aliporudi Malangali, jua lilikuwa bado halijazama, na Adela alikuwa mlangoni anajaribu viatu vipya vya michezo. Vilimkaa sawasawa.

"Nani kakupa?"

"Mjomba Flavian. Kanichukua shuleni na gari. Kasema wewe umesafiri kwenda Ilemba, nisitembee peke yangu."

Coleta alikaa kwenye ngazi. Safari ile hakuwa ameitangaza kwa yeyote. Alimvua mtoto viatu vile mwenyewe, kimoja kimoja, na Adela akaanza kulia akidhani amekosea.

Kesho yake asubuhi alimpeleka Adela kwa dada yake, Mariana, aliyeishi Matai. Aliporudi alikwenda benki, akaomba akaunti ya klabu izuiwe mpaka wanachama wakutane. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuitisha mkutano.

Watu walijaa uwanjani Jumapili baada ya ibada. Mwalimu Alphonce alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, uso umemvimba kwa hasira. Coleta alieleza yote: fedha zilizoingia na kutoka, greda, vyoo, hofu ya Kornel, viatu. Alieleza polepole, kwa sababu alijua akiharakisha atalia. Alipomaliza, kilichosikika ni upepo tu na jezi za watoto zikipepea.

Kisha mtu akapiga makofi. Alikuwa Flavian, amekaa nyuma kabisa kwenye nyasi katikati ya wazazi.

"Mama Adela ameongea vizuri," alisema akiinuka. "Mweka hazina anatakiwa kuwa mkali. Mimi sina kinyongo. Kama nimewachosha, nitasimama kando leo hii. Jezi bakini nazo."

Scola alikuwa wa kwanza kuongea. Alikuwa mama wa watoto watatu, mfungaji bora wa netiboli, mtu wa kucheka. Siku ile hakucheka.

"Coleta dada yangu, nakuheshimu. Lakini kabla ya mlezi, mwanangu alikuwa anaugua vichomi kwa kucheza peku kwenye baridi hii. Wewe ulimnunulia viatu?"

Wengine wakaitikia. Mwalimu akasema kwamba mtu aliyekosa imani na mlezi hawezi kushika hazina. Mikono ikanyooshwa. Hata waliokuwa wakikopa nyuzi dukani kwake walinyoosha, wakitazama chini. Coleta akatolewa, Scola akachaguliwa, na barua ya kuifungua akaunti ikaandikwa palepale.

Coleta alikwenda kutoa taarifa polisi. Afisa aliyempokea alimsikiliza vizuri, akaandika, akamwambia asubiri, uchunguzi wa fedha hauendi haraka. Akasubiri. Wateja walipungua. Adela alipiga simu kutoka Matai akiuliza arudi lini, na mama yake akamjibu bado baridi.

Mahindi yalikuwa yameshaanza kutoa mbelewele habari zilipoenea kwamba maghala ya Flavian yamefungwa kwa amri ya serikali kwa tuhuma za kupitisha fedha chafu, na mwenyewe haonekani. Wengine walisema amevuka kwenda Zambia. Wengine walisema yupo, amemwona fulani. Kilichojulikana ni kwamba wapelelezi walikuwa wameanza kuita watu waliotia sahihi.

Coleta alikwenda kumwona Mwalimu. Alimkuta nje kwenye jua, amejifunika blanketi, amekonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ungeniambia, Coleta."

"Nilikuambia. Na Kornel alikuambia."

Mzee alitazama mlima. "Mlezi ananiletea salamu bado. Kila wiki, kwa watu nisiowajua. Wanakaa hapo ulipokaa wewe, wananiuliza afya, wananiuliza nitasema nini nikiitwa."

"Utasema nini?"

"Nimeshawaambia. Nitasema mimi ni mtu wa mpira, mambo ya fedha aliyajua mweka hazina."

"Mweka hazina yupi, Mwalimu?"

Mzee alivuta blanketi mpaka kidevuni, ingawa jua lilikuwa kali, na machozi yakamtoka bila kufutwa.

Coleta aliondoka bila kuaga. Njiani mwanzo alifikiria kwenda nyumbani, akusanye nguo, amfuate Adela. Hakuna ambaye angemlaumu. Miguu ikampeleka Chanji, nyumbani kwa Scola.

Scola alikuwa uani anaosha vyombo. Alipomwona Coleta aliacha mikono ndani ya maji.

"Kama umekuja kunicheka, nicheke," alisema. "Tangu jana sijala."

"Umetia sahihi mara ngapi?"

"Sijui. Nyingine mlezi alinipa fomu zisizoandikwa kitu."

Coleta alichuchumaa upande wa pili wa beseni. Alimweleza alichosema Mwalimu, neno kwa neno.

"Mimi nitakwenda polisi sasa hivi kueleza niliyoyafanya, pamoja na zile mara nilizotia sahihi mimi," alisema. "Wakikuita wao, utakuwa umechelewa. Twende wote."

"Wakinizuia? Wanangu wabaki na nani?"

"Huenda wakatuzuia wote. Sijui, Scola."

Scola akafuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akamwomba mama mkwe wake awape watoto uji wakitoka shule. Alirudi amevaa viatu na kilemba kipya, kama mtu anayekwenda kanisani.

Walitembea bila kushikana mikono. Mbele ya duka la kona walisimama vijana wawili ambao Coleta hakuwafahamu. Mmoja aliinua kofia kwa adabu.

"Shikamooni, mama zetu. Mnakwenda wapi na jua hili?"

Scola akapunguza mwendo. Coleta alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akamvuta, na wote wawili wakapita bila kuitikia salamu.