Mwenzake Nasur

Pikapu ya Faruk ilikuwa imeshatoka kambi ya polisi na jeneza la Okidi nyuma, inakwenda Gulu, redio imewashwa. Pale Bwaise, mtaa wa mabondeni, maji ya mvua ya asubuhi yakiwa bado barabarani, msomaji wa matangazo ya vifo alisema, "Mwenzake Nasur, yule mchekeshaji, amefariki. Atazikwa kesho saa nane." Gari likazimika.

Faruk alifungua boneti, akaangalia, akaifunga. Amebeba maiti miaka kumi na moja.

"Gari ni zima," alisema. "Ni mzee wa humo nyuma hataki. Juzi marehemu mama mmoja wa Lira alinisimamisha darajani Karuma mpaka mwanawe akaomba msamaha. Ongeeni naye."

Aciro, mjane, alishuka akazungumza na mumewe kwa Kiacholi, kwa upole: kaburi limechimbwa, ng'ombe amechinjwa, wajomba wamefika. Ndani ya jeneza kukagongwa mara mbili.

"Shemeji," Aciro alimwambia Nasur, aliyekuwa bado amekaa garini, "anakutaka wewe."

Nasur alijua. Miaka thelathini na moja walicheza igizo moja, kuanzia kambi ile ya polisi walikozaliwa mpaka kwenye hoteli kubwa: askari wa kizuizi cha barabarani na mpita njia. Okidi, mrefu, mkavu wa uso, ndiye aliyeuliza. Nasur, mfupi, mnene, ndiye aliyejibu, na watu walichekea jibu.

"Umebeba nini?"

"Njaa, afande."

"Ishushe!"

"Nikiishusha hapa, afande, itakukamata wewe."

Maswali na majibu yote aliyatunga Okidi, jikoni kwake, kwa penseli. Kwenye mabango liliandikwa jina la Nasur. Mara mbili Okidi aliomba wabadilishane nafasi, onyesho moja tu. Nasur alisema watu hawatazoea.

Sasa wachoma mahindi na watu wa bodaboda walikuwa wameshasogea. Nasur alikunja suruali, akaingia majini, akasimama kama askari. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Wewe! Umebeba nini humo?"

"Nasur, afande," Okidi alijibu kutoka ndani, bila haraka.

"Mshushe, atembee mwenyewe!"

"Nimembeba miaka thelathini na moja, afande. Miguu alishasahau aliiweka wapi."

Bwaise ilicheka. Mwanamke mmoja alikaa chini humohumo majini. Aciro alicheka mpaka akashika ubavu wa gari. Nasur hakucheka, maana anayeuliza hacheki, na ndipo alipojua ile kazi ilivyo nzito. Okidi alisubiri kicheko kiishe chote. Kisha gari likawaka.

Okidi alizikwa kesho yake saa nane. Aciro alibaki Gulu, analima ufuta. Faruk bado anabeba maiti. Alibadilisha betri, kwa usalama tu. Nasur alikwenda redioni kuomba jina lisomwe vizuri. Dada wa mapokezi aliuliza Okidi ni nani, akaandika kwenye karatasi, na jioni tangazo likasema familia ya mwenzake Nasur inawashukuru wote waliofika.

Siku hizi Nasur anacheza peke yake, Katwe. Anauliza, "Umebeba nini?" halafu anaacha nafasi, anangoja. Hakuna anayejibu. Watu wanacheka sana, wanasema Nasur ametunga kitu kipya.