Pikapu na Mlinzi Wake

Katika miaka kumi na minne ya kutengeneza magari pale Kamembe, Gratien alikuwa ameonja wateja wa kila namna, lakini huyu Mulume alimfikisha mwisho. Mulume alikaa juu ya dumu tupu hatua mbili tu kutoka kwenye injini, siku tatu mfululizo, akihesabu kila bolti iliyofunguliwa. Fundi akiinama, naye anainama. Fundi akienda kunawa mikono, yeye anasogea na kuweka kiganja juu ya bodi ya pikapu yake. Kwao Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alisema, gari likiachwa peke yake gereji linarudi na pampu ya gari jingine, na yeye si mtu wa kuchezewa. Hata Jumamosi, watu wote walipokwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, na gereji ikafungwa asubuhi nzima, Mulume alikataa kutoka. Alisema yeye ni mgeni, kazi ya kufyeka mitaro haimhusu, akafungiwa ndani ya ua pamoja na gari lake na chakula alichofungiwa na mkewe.

Basi baada ya ulinzi wote huo, gari likagoma.

Jumatatu lilikwenda Nyakabuye kuchukua ndizi. Kushuka lilishuka vizuri. Kupanda, likaanza kukohoa, likatoa moshi mweusi mpaka waendesha baiskeli wakapanda kwenye majani, nguvu ikaisha kabisa. Mulume alirudi Kamembe kwa gia ya kwanza, akipitwa na watembea kwa miguu. Na kabla hajafika gereji alipita sokoni, akawaambia wenzake wote wanaovusha bidhaa mpakani kwamba Gratien amembadilishia pampu ya dizeli.

Hilo ndilo lililomkata Gratien maini. Wateja wake karibu wote walikuwa hao hao: watu wa Bukavu, na Wanyarwanda waliokulia huko kama yeye mwenyewe kisha wakarudi. Walimjia kwa sababu anazungumza kama wao, na kwa sababu walikuwa wakiambiana kwamba mikono yake ni safi. Gereji yake haikuwa na kibao wala rangi ukutani. Ilikuwa na hilo neno tu. Jumanne asubuhi Joséphine, mama mwenye minibasi ya kwenda Nyakabuye, akapiga simu kusema kwamba injini yake aliyokuwa ailete kesho, basi itasubiri kidogo. Hakusema kwa nini. Hakukuwa na haja.

Kwa hiyo Jumanne Gratien aliweka kazi zote pembeni na kuivaa pikapu ile. Alitoa nozeli zote nne, akazipima, akazirudisha. Alibadilisha filta ya dizeli. Alikagua mkanda wa taimingi alama kwa alama, mara mbili, maana katika matengenezo ya wiki iliyopita kichwa cha injini kilikuwa kimefunguliwa na hapo ndipo makosa hujificha. Mkanda ulikuwa sawa. Akatoa filta ya hewa, akawasha injini bila filta, moshi ukawa ule ule, akaamua tatizo si hewa. Akarudi kwenye pampu. Jasho likamwingia machoni. Na muda wote huo Mulume alikuwa juu ya dumu lake, na ndizi zake nyuma ya pikapu zikipigwa jua, akirudia neno moja kwa sauti ya upole iliyokera kuliko matusi.

"Gratien, mi sigombani na weye. Nirudishie tu pompe yangu, niende."

"Papa Mulume, pompe ni ile ile. Uliiangalia siku tatu."

"Jumamosi kisha kula nilisinzia kidogo. Njo pale uliibadilisha."

Gratien aliuma meno. Ni kweli, Jumamosi mchana, alipotoka kwenye umuganda na kurudi kufunga injini, alimkuta mlinzi amelala na kidevu kifuani, na alishukuru Mungu kwa hiyo saa moja ya amani. Alifunga haraka haraka kabla Mulume hajaamka. Sasa amani ile ilikuwa inamtokea puani. Akasema mbele ya wote waliokuwa uani, na walikuwa wengi maana ugomvi haukosi watazamaji, kwamba siku ile alikifunga kila kitu kwa mikono yake na kukikagua kwa macho yake, na kama kuna kosa la mkono wake ndani ya injini ile, basi afunge gereji akalime.

Saa saba akaja Nzigire, mke wa Mulume, na sufuria ya maharage. Alikuwa amevuka mpaka kwa miguu, amechoka, na ndizi zilikuwa na wanunuzi waliokuwa wakimpigia simu kila baada ya muda mfupi. Akaziangalia zilivyoanza kuiva, akamwangalia mumewe, akamwangalia fundi. Akaomba gari liwashwe alisikie. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Hii gari inapumua mubaya," akasema. "Ni kama muntu banamufunika blanketi ku pua."

Gratien alitaka kumjibu vibaya. Leo kila mtu alikuwa fundi. Lakini aibu ya kumjibu vibaya mke wa mtu mbele ya watu ilimzuia, na kwa sababu ya kutafuta la kufanya na mikono yake, akatoa tena filta ya hewa, akamwomba Mulume akanyage mafuta, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Injini ya dizeli ikikanyagwa hivyo inavuta hewa mpaka inang'ang'ania kiganja. Hii ilimgusa kidogo tu.

Hapo akakumbuka. Asubuhi alitoa filta, lakini mbele ya filta kuna mpira, na mbele ya mpira kuna bomba la chuma linaloingia kwenye injini, na huko hakuwa ameangalia. Si leo tu. Hata Jumamosi hakuwa ameangalia.

Alizima injini, akafungua mpira, akaingiza tochi. Kwenye kona ya bomba kulikuwa na kitu cha manjano. Akakivuta kwa koleo. Kikatoka taratibu, kirefu, cheusi kwa masizi upande mmoja, na upande wa pili kikiwa bado na michoro yake ya ndege wa buluu.

Nzigire akaweka sufuria chini.

"Kitambala yangu ya kichwa," akasema. "Ya chorale, ya kuimbia kanisani. Nilikufungia nayo chakula Jumamosi. Ulisema ilipotea ku mpaka."

Mulume aliangalia dumu lake. Kisha akaeleza, kwa sauti ambayo watu walilazimika kusogea ili kuisikia. Wakati wa umuganda kulianza manyunyu, injini iko wazi, na yeye akaliona lile tundu. Akaogopa maji. Akaogopa pia mtu kutia mkono. Akaliziba kwa kitambaa, kwa nguvu zake zote, akakusudia kusema fundi akirudi. Kisha akala, usingizi ukamchukua, na alipoamka injini ilikuwa imefungwa, akadhani fundi amekitoa.

Watu wakaanza kucheka. Gratien naye alingoja furaha ije, maana alikuwa na haki nayo, lakini haikuja. Fundi hafungi bomba bila kuchungulia, hilo alifundishwa kabla hajafundishwa kushika spana, na kiapo chake cha asubuhi kilikuwa bado kiko hewani pale uani.

"Weye uliifunga," Mulume akasema chinichini.

"Na weye uliitia."

Nzigire akachukua kitambaa chake, akakikung'uta, akakikunja na masizi yake. Akamwambia mumewe apeleke ndizi, yeye anapita sokoni kwanza.

Gratien akamfuata mpaka langoni. Alitaka kumwomba aseme tu habari ya pampu, yale mengine ayaache. Badala yake akamfungulia lango.

Nzigire alilisoma ombi lake usoni mwake. "Nitabaambia yote," akasema. "Hakuna mwizi. Iko moja alitia, na mwingine alifunga bila kuangalia."

Pikapu ilipanda barabara ya mpakani bila moshi, na Gratien akakaa juu ya dumu la Mulume.

Alhamisi Joséphine alileta minibasi. Hakutaja simu yake ya Jumanne, na Gratien hakumuuliza, alifurahi kupita kiasi hata akaogopa kusema. Alifanya kazi mpaka Ijumaa alasiri. Alipochukua mpira wa hewa aufunge, Joséphine aliinuka, akavua miwani yake ya jua, akaweka mkono kifuani mwa fundi kumsogeza pembeni.

"Lete tochi, Papa Gratien," akasema. "Ku soko banasema tuangalie kwanza."

Gratien akaiwasha, akamshikia.