Dobi na Mashati ya Polisi

"Nchi si yako, uhuru si wako, sasa unawashwa na nini?"

"Nimeoa hapa. Nimezika mtoto hapa. Unataka nini tena, nizaliwe upya?"

"Usinipandishie sauti, shemeji. Kesho wanaandamana wananchi. Mkoloni akiona mgeni yuko mbele, atasema uhuru wenyewe tumeuazima kwa jirani."

Aliyekuwa anafoka ni katibu wa tawi la chama, kaka wa mke wa dobi. Dobi alikuwa nyuma ya meza yake, anachochea mkaa kwenye pasi. Alivuka mpaka zamani, na pasi hiyohiyo mkononi. Bendera za chama alizifua yeye, bure. Kadi ya chama hakuwa nayo. Kila akiomba, shemeji anamwambia subiri, na dobi amesubiri mpaka mvi zimemtoka.

"Baba watoto, mwachie," mkewe alimwambia baadaye. "Kaka akishapanda juu, hashushiki."

Kwa hiyo kesho yake dobi alibaki ndani na mashati ya polisi. Alikuwa na mtindo wake: anapiga pasi kola zote kwanza, halafu mikono yote ya kulia, ndiyo mengine yafuate. Maji ya kulainisha nguo alikuwa anajaza mdomoni, anayapuliza kama ukungu. Alikuwa kwenye mikono ya kulia, mashavu yamejaa, maandamano yalipopita dirishani.

"Uhuru!" watu walipiga kelele.

Dobi naye alijibu. Lakini mdomo umejaa maji, neno litokee wapi? Likabaki humohumo. Akainama, akalipuliza lote kwenye mashati, akapitisha pasi ya moto juu yake.

Jioni polisi walikuja kuchukua mashati yao. Wakasifia kola.

Asubuhi yake watu walijaa mbele ya ofisi ya serikali, katibu akiwa mstari wa kwanza. Polisi wakatumwa wakawapige. Mkuu wao alipotoa amri, mikono yote ya kulia ilipanda juu kwa pamoja, ngumi zimefungwa, na virungu vikaanguka chini. Watu wakaitikia "Uhuru!" kama kawaida. Polisi walijaribu kuishusha mikono kwa ile ya kushoto, haikushuka. Mmoja alijikuna pua kwa tabu, akamwomba radhi mama mmoja kwa kumkanyaga mguu. Siku hiyo hakupigwa mtu.

Mkuu aliagiza mkasi, mikono ya mashati ikakatwa mabegani. Ilipoanguka ilisimama wima kwenye vumbi, na askari wakaikusanya kwenye gunia. Halafu mkuu akaenda kwa dobi.

"Nani alipiga pasi mashati haya?"

"Mimi."

"Uliweka nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Na mimi nilikuwa nataka uhuru, kwa hiyo uliingia humo."

Mkuu aliona maelezo yanajitosheleza. Dobi akafungwa kwa kuharibu nguo za serikali. Gerezani walimpa kazi ya kufua, lakini pasi hawakumgusisha.

Alitoka wiki ambayo bendera ya mkoloni ilikuwa inashushwa. Akavaa shati lake jeupe, akaenda uwanjani. Katikati walikuwa wamezungusha kamba. Mlangoni amesimama shemeji, suti mpya, kikaratasi cha chama kifuani.

"Wenye kadi ndani, shemeji. Wageni kule nyuma, karibu na vyoo."

"Ile siku ya virungu, kichwa chako kilirudi nyumbani kizima. Unajua kwa nini?"

"Najua. Chama kinashukuru. Lakini kila mtu akiingia na mikono ya mashati, si itakuwa vurugu? Utaratibu ni utaratibu."

Mke wa dobi alikuwa ndani, maana yeye ni mzaliwa. Aliinama, akapita chini ya kamba na watoto wake, akaja akasimama upande wa mumewe.

"Dada, bendera utaionea wapi huko?"

"Inapanda juu, kaka. Haichimbiwi chini."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Katibu hakucheka. Aliikaza kamba.

Dobi hakupaza sauti. "Nisikilize vizuri, shemeji. Kesho nakuja ofisini kwako kuomba kadi. Ukininyima, keshokutwa nakuja tena. Mkuu wa polisi nilimwambia ni mimi, macho makavu. Sasa nikuogope wewe na kamba yako? Hii nchi niliitaka nikiwa hapa, na hapa sitoki. Ukichoka kuniona, hama wewe."

"Shemeji, usinidhalilishe mbele za watu."

Ngoma za askari zilianza. Dobi akamshika mkono mtoto wake mdogo, akampa katibu mgongo, akaenda na mkewe kule nyuma kuitazama bendera ikipanda.